Shajara ya chachu ya ngano iliyogoma kuumuka: Njombe, Juni hadi Agosti 2024

Jumamosi, 1 Juni: kuanza

Nataka kuoka mkate bila hamira ya dukani, kwa ngano iliyolimwa Makete, ndani ya sufuria juu ya jiko la mkaa, maana oveni sina. Neno chachu wengi wetu tunakutana nalo kanisani; jikoni tunasema hamira. Humu nitayatenganisha. Hamira ni ile ya pakiti, chembe za aina moja zilizokuzwa kiwandani na kukaushwa. Chachu ni rojo la unga na maji ambamo hamira za mwituni, zilizokuja na punje za nafaka, zinaishi pamoja na bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha mtindi. Hamira za mwituni hutoa hewa inayoumua donge. Bakteria hutoa uchachu.

Naandika kila hatua na kila shilingi kwa sababu maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wenye jiko la joto. Anayeyafuata hapa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi huu wa sita, atamwaga chachu nzima akidhani imekufa.

Vifaa: chupa mbili za jemu, mizani ya jikoni ya dijitali (Sh 18,000), unga mweupe wa ngano kilo 2 (Sh 4,400) na rababendi ya kuonyesha rojo limeanzia wapi. Nimechanganya gramu 50 za unga na gramu 50 za maji ya bomba, mfuniko nimeuweka bila kuukaza, chupa nimeiweka kabatini.

Jumatano, 5 Juni: furaha ya siku moja

Asubuhi rojo limepanda mara mbili, limejaa mapovu hadi chini ya mfuniko. Nilipofungua, harufu yake ilikuwa ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye beseni. Nimeilisha, yaani nimetoa nusu na kutia gramu 50 za unga na gramu 50 za maji.

Nimeandika kwa kalamu nyekundu: "IMEKUBALI."

Jumatatu, 10 Juni: kimya

Haikukubali. Tangu siku ile haijapanda hata unene wa kidole. Juu kunakaa maji ya kijivu, chini unga umetuama. Nimeilisha asubuhi na jioni kwa siku 5 mfululizo kama maelekezo yanavyosema, na kila ikizidi kunyamaza nimekazana kuilisha.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yatamkuta anayeanza.

La kwanza ni kuamini mapovu ya tarehe 5. Mapovu ya siku za mwanzo kwa kawaida si ya hamira. Unga mbichi huja na bakteria wa kila namna, na baadhi yao hutoa hewa nyingi mara wanapopata maji. Ile harufu mbaya ni yao. Uchachu ukianza kuongezeka hawauwezi, wanazimika, na chupa inanyamaza. Hamira za mwituni zinavumilia uchachu, ila zilianza zikiwa chache mno na bado zinahesabika. Kwa hiyo ukimya wa baada ya mapovu ya kwanza ni hatua ya kawaida, na wengi huitupa chachu yao siku hiyohiyo.

La pili ndilo lililonigharimu wiki. Kila nilipolisha nilitupa nusu ya wakazi wa chupa na kuzimua uchachu waliokuwa wameanza kuujenga. Penye joto, waliobaki huzaana wakarudisha idadi yao ndani ya saa chache. Kabatini kwangu hawapati nafasi hiyo. Nilikuwa nawapunguza upesi kuliko walivyoweza kuzaana, huku nikijiona namtunza mgonjwa.

Unga ulioenda na makosa haya ni karibu gramu 600. Sehemu nilizokuwa natoa siku hizi za mwanzo nimezitupa, maana rojo lenye harufu ile si chakula.

Alhamisi, 13 Juni: nimeipika

Nilipotambua kuwa tatizo ni baridi, nikaiweka chupa kando ya jiko la mkaa wakati maharage yanachemka. Baada ya saa mbili upande uliotazama moto ulikuwa umeganda kama ugali, upande wa pili bado rojo. Imekwisha hiyo.

Jioni nimenunua kipimajoto cha kuchomeka kwenye chakula, Sh 12,000. Ndicho kifaa nilichopaswa kukinunua tarehe 1, kabla hata ya mizani. Vipimo vya nyumbani kwangu, kwa nyuzi za Selsiasi:

Kabatini saa kumi na mbili asubuhi, 11. Kabatini saa nane mchana, 17. Dirishani kwenye jua, 24, lakini kwa saa tatu tu. Maji ndani ya chupa niliyoiweka palepale kando ya jiko, 46.

Hamira za mwituni hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 24 na 28. Joto likishuka kwa nyuzi 10, kasi inapungua kwa zaidi ya nusu, na likifika 46 hakuna tena la kusubiri. Kwa hiyo chachu yangu iliishi wiki mbili kwenye baridi isiyoiruhusu kukua, kisha nikaitoa humo na kuitia kwenye moto usioiruhusu kuishi.

Jumapili, 16 Juni: upya, chupa mbili

Shangazi amekuja baada ya ibada. Yeye hupika togwa tangu sijazaliwa. Amenusa chupa tupu, akauliza usiku naifunika na nini.

"Mfuniko wake tu, shangazi."

"Mwanangu, togwa ya mwezi wa sita unaivisha blanketi. Wewe unalala na mablanketi mawili, hiyo unaiacha uchi?"

Akaongeza kwamba ungekuwa msimu wa ulanzi angeniambia nitie ulanzi kijiko kimoja nimalize kazi. Hilo nalijua. Ulanzi unaogemwa kwenye mianzi ya huku wakati wa mvua huchacha wenyewe, bila mtu kutia kitu, na Pwani nako wazee waliumulia vitumbua na mkate wa kumimina kwa tembo la mnazi. Ila Juni mianzi haitoi kitu, na mimi nataka kuona kama ngano yenyewe inatosha.

Blanketi peke yake halizalishi joto, linalitunza tu. Nimechukua hotpoti kubwa tunayopakulia wali wa wageni. Ndani naweka chupa ya chachu na chupa ya nusu lita yenye maji ya moto, nafunga, kisha navingirisha kitenge kizito. Mara ya kwanza nilijaza maji yaliyotoka kuchemka: baada ya saa moja ndani kulikuwa na nyuzi 38. Bakteria wa uchachu wanaipenda hali hiyo kuliko hamira, na kwa joto hilo ungepata mtindi wa unga. Sasa nachanganya kikombe kimoja cha maji yaliyochemka na viwili vya maji ya bomba. Hapo ndani hukaa kati ya 25 na 28 kwa saa sita hivi, na alfajiri nakuta 21. Maji nayabadilisha asubuhi na jioni. (Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Aliyeko Pwani apunguze kidogo maji ya moto akifuata kipimo hiki, japo sidhani kama ana haja nacho.)

Nimeanzisha chupa mbili ili nijibu swali lingine wakati huohuo. Ya mfuniko mwekundu ina maji ya bomba kama yalivyo. Ya mfuniko mweupe ina maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa sababu wengi husema dawa ya maji ndiyo huua chachu. Unga, uzito na joto ni vilevile. Nalisha mara moja kwa siku, si mbili.

Jumapili, 23 Juni

Mapovu mabaya ya mwanzo yalikuja siku ya pili, ukimya ukaingia siku ya tatu. Safari hii sikuwa na hofu. Tangu jana kuna mapovu madogomadogo pembeni ya kioo, na harufu imegeuka: inakaribia maziwa mgando, na nyuma yake kuna kitu kama ganda la tufaha.

Kati ya chupa mbili sioni tofauti. Bomba la hapa kwangu halikuwa na hatia. Ambako maji yananuka dawa waziwazi, chemsha au acha ndoo wazi usiku kucha. Hiyo hutosha kwa klorini ya kawaida na gharama yake ni kusubiri tu.

Alhamisi, 27 Juni: inapanda, lakini inajikokota

Mfuniko mwekundu umefika mara mbili ya rababendi. Umechukua saa 11. Mweupe, saa 11 na nusu.

Nimefurahi, na ningeweza kuishia hapo, lakini chachu inayochukua saa 11 kwenye nyuzi 26 haitaumua donge la mkate likiwa na chumvi. Chachu yenye nguvu kwa joto hili hufika mara mbili kwa saa nne hadi saba. Baridi sasa haipo, basi kuna sababu nyingine.

Nikaangalia daftari. Nalisha sehemu moja ya chachu, moja ya unga, moja ya maji. Naichukua chachu ikiwa imekaa saa 24, imeshakula kila kitu, imeshuka, imechachuka sana. Hamira zinavumilia uchachu, lakini haziupendi hivyo. Theluthi ya mchanganyiko mpya ni mabaki makali ya jana. Zinaanza kila siku zikiwa zimechoka.

Jumapili, 30 Juni: dona ya ngano

Mabadiliko mawili, kila moja kwenye chupa yake, ili nijue lipi limefanya nini. Awali nilikuwa nabadilisha mambo matatu kwa siku moja, na ndiyo maana wiki mbili za kwanza hazikunifundisha chochote kuhusu unga.

Mwekundu: unga uleule mweupe, lakini kipimo kimepanda. Gramu 20 za chachu, 60 za unga, 60 za maji.

Mweupe: kipimo cha zamani cha sehemu sawa, lakini theluthi ya unga ni dona, yaani ngano iliyosagwa pamoja na ganda lake. Nilinunua ngano ya Makete kilo 3 kwa Sh 5,400, nikaichambua na kuipeleka mashineni, kusaga Sh 600. Nilimwomba kijana wa mashine apitishe kwanza konzi mbili za ngano yangu na kuzitoa kando, zisukume mahindi yaliyobaki ndani. Usipofanya hivyo unabeba kilo ya ngano yenye robo kilo ya sembe, na ngano haitanyumbuka.

Baada ya siku tatu: mwekundu saa 9, mweupe saa 7.

Dona imeshinda, na sababu yake haina miujiza. Ganda la punje ndiko wanakokaa hamira na bakteria wengi, na ndiko kwenye madini wanayoyahitaji. Unga mweupe umevuliwa ganda. Halafu nikaunganisha yote mawili, kipimo cha 20, 60, 60 pamoja na theluthi ya dona, na leo jioni chupa zote mbili zimefika mara mbili kwa saa 5 na dakika 40. Sasa hii ni chachu.

Jumatano, 3 Julai: kimea, jaribio lililonidanganya

Shangazi kaniletea kimea cha ulezi, kile cha kulainishia togwa. (Bei ya sokoni ni Sh 1,000, nimeiandika kwenye hesabu ingawa yeye hakutaka pesa.) Ulezi ulioota una vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, ndiyo maana uji mzito ukitiwa kimea unakuwa mwepesi mara moja. Nikawaza: sukari zaidi, chakula zaidi, kasi zaidi.

Gramu 3 kwenye gramu 60 za unga. Chachu imepanda kwa saa 4. Nikaruka. Baada ya saa 6 imekuwa maji, inamiminika kama uji wa mtoto, na vimeng'enya bado vinaendelea kula wanga. Nilichukua kidogo nikaokea kimkate cha ngumi moja: ndani kimenata kwenye kisu kama bamia.

Naacha. Chachu ikiwa dhaifu, kimea kinaweza kuificha hali hiyo kwa siku mbili, kisha unakutana na tatizo kwenye mkate wenyewe, wakati umeshatumia mkaa.

Jumamosi, 6 Julai: mkate wa kwanza

Unga mweupe gramu 300, dona gramu 100, maji gramu 270, chachu gramu 80, chumvi gramu 8. Sufuria nzito, mchanga mkavu tabaka la vidole viwili chini yake, sufuria ndogo yenye donge juu ya mchanga, mfuniko wa bati, makaa mengi juu na machache chini. Dakika 50.

Umetoka na rangi nzuri na kimo cha chapati tatu. Nilipoukata, chini kulikuwa na tabaka lililolala, jeusijeusi, limeshikana. Watoto wameula kwa chai kwa sababu ni watoto wangu.

Nimekaa na daftari usiku. Chachu niliitia saa kumi baada ya kuilisha, wakati ilishapanda na kushuka saa nne kabla. Nililala ikiwa kileleni. Halafu donge nikaliacha mezani saa 5 kwenye nyuzi 15. Nimehangaika mwezi mzima kuitafutia chachu joto, kisha siku ya kazi nikalilaza donge kwenye baridi ileile. Donge ni chachu hiyohiyo, imeongezewa unga.

Jumamosi, 13 Julai: mkate wa pili na wa tatu

Kipimo hakijabadilika. Nilicholisha saa kumi na mbili asubuhi nimekitumia saa tano na nusu, juu yake kukiwa bado na mgongo uliovimba. Kikianza kubonyea katikati umechelewa. Jaribio la kudondosha tone kwenye maji uone kama linaelea nimelifanya mara tatu, na dona imenidanganya mara mbili kwa kuzama wakati chachu ilikuwa tayari. Naangalia rababendi tu.

Donge nimelitia ndani ya hotpoti pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu. Nyuzi 25, saa 6. Katika saa mbili za kwanza nimelikunja mara nne, kwa mkono ulioloa. Kisha kuliviringisha, na saa moja na nusu zaidi kwenye sufuria iliyopakwa mafuta.

Umepanda hadi ukagusa mfuniko. Ganda limepasuka lenyewe upande mmoja, na ulipokuwa unapoa lilikuwa linatoa mlio mdogo, tititi, tititi, nikawaita watu wa nyumbani waje wasikie. Nimengoja saa mbili kabla ya kukata. Ukikata wa moto, ndani hunata hata kama umeiva. Matundu hayalingani, uchachu upo kwa mbali, harufu ya ngano ndiyo inayotangulia. Wa tatu nimeuoka baada yake, umetoka hivyohivyo. Shangazi amechukua nusu. Amesema kamwene kwa mkate kabla ya kunisalimia mimi.

Jumamosi, 20 Julai: hesabu na utunzaji

Mizani 18,000. Kipimajoto 12,000. Unga mweupe kilo 5, 11,000. Ngano ya Makete 5,400 na kusaga 600. Kimea 1,000. Mkaa wa mikate na majaribio 6,000. Jumla Sh 54,000, na zaidi ya nusu ni vifaa vitakavyobaki. Hotpoti ilikuwapo.

Sasa nalisha mara mbili kwa wiki tu. Baada ya kulisha naipa hotpoti saa mbili, kisha naiweka varandani, ambako usiku ni nyuzi 8 au 9. Baridi iliyonitesa mwezi uliopita imekuwa friji yangu bila bili ya umeme. Siku moja kabla ya kuoka naiamsha kwa milo miwili kwenye joto. Inayotolewa siku hizi haitupwi. Inaingia kwenye chapati za maji na yai na kitunguu, na zinapendwa kuliko mkate.

Maji ya kijivu yakitokea juu, ni njaa: mwaga, lisha. Harufu kali kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha nayo ni njaa. Ukiona michirizi ya waridi au ya rangi ya chungwa, au ukungu wenye manyoya, usiiokoe. Tupa yote, osha chupa kwa maji yanayochemka, anza tena.

Leo nimepaka gramu 30 za chachu kwenye karatasi ya kuokea, nyembamba, ikauke kivulini siku mbili. Dada yangu anarudi Dar es Salaam na ataibeba ikiwa vigae vya unga.

Jumamosi, 3 Agosti: Dar es Salaam

Dada aliloweka vigae kwenye maji tarehe 27, akalisha, siku ya tatu vikaamka. Amenipigia kulalamika kinyume kabisa cha malalamiko yangu. Jikoni kwake ni nyuzi 29. Chachu inapanda kwa saa tatu na nusu, na anaporudi kazini imeshashuka, inanuka siki, na mkate wake wa kwanza umetandaa kama sahani.

Tumekubaliana abadilishe mambo mawili: kipimo cha gramu 10 za chachu kwa 80 za unga, na maji gramu 50 badala ya 80, liwe donge gumu, maana donge gumu huenda polepole kuliko rojo. Nimemwambia aanze na la maji kwenye chupa moja na la kipimo kwenye nyingine. Jana ametuma picha: la kipimo linafika kileleni kwa saa 7, la maji kwa saa 5. Kesho anayaunganisha.